Bwawa la nyumbani: maji yakizungushwa vizuri, hakuna haja ya kuyamwaga

Msomaji wa Kiamunyi, Nakuru, anauliza: "Tumehamia nyumba yenye bwawa la kuogelea la mita 10 kwa 5. Upande wa watoto kina ni mita 1, upande wa pili 1.8. Maji tunayatoa kwenye kisima kirefu cha hapa nyumbani. Kila baada ya wiki tatu hivi yanageuka kijani, na fundi anayamwaga yote na kujaza upya. Natia klorini kila Jumamosi asubuhi, na pampu tunaiwasha saa moja kwa siku kwa sababu ya bili ya stima. Naomba unieleze maji haya huzunguka vipi na tunakosea wapi."

Dada yangu, kabla ya jambo lingine lolote, mwambie fundi asiyamwage tena. Bwawa linalotunzwa vizuri hukaa na maji yaleyale kwa miaka. Kinachoongezwa ni yale tu yaliyopotea kwa jua, kwa watoto kurushiana, na kwa kuosha chujio. Kwenu, kumwaga ndiko kunakorudisha ugonjwa kila mara, na sababu yake iko ndani ya maji ya Nakuru yenyewe. Nitafika hapo. Kwanza tuyafuate maji njiani, maana makosa matatu uliyoyataja yameshikana na huwezi kutibu moja ukaacha mengine.

Anza na hesabu moja. Urefu mita 10, upana 5, kina cha wastani 1.4. Zidisha, upate mita za ujazo 70, yaani lita 70,000. Iandike ukutani kwenye chumba cha pampu, kwa sababu kila dawa utakayotia na kila saa ya pampu hutegemea namba hiyo. Fundi anayetia dawa bila kujua ujazo wa bwawa anakisia.

Maji hutoka bwawani kwa njia mbili. Ya kwanza ni ule mdomo wa mraba ulio ukutani, usawa wa uso wa maji, ambao mafundi huuita skima. Ndani yake kuna kikapu cha kunasa majani. Ya pili ni tundu la sakafuni upande wa kina. Skima ndiyo inayofanya kazi kubwa, kwa sababu uchafu mwingi huanzia juu: vumbi, majani ya mgrivilea, wadudu, mafuta ya ngozi. Kwa hivyo vali za chumba cha pampu zifunguliwe ili sehemu kubwa ya maji, kama robo tatu, ipitie skima. Usawa wa maji ukae katikati ya mdomo huo. Ukishuka chini yake, pampu huanza kunyonya hewa, na pampu inayonyonya hewa huungua sili zake. Wakati wa kiangazi bwawa lako linaweza kupoteza milimita 5 kwa siku kwa mvuke, ambazo ni lita 250, kwa hivyo uangalie usawa huo kila wiki.

Hilo tundu la sakafuni nataka ulitazame leo, watoto wakiwa nje ya maji. Lazima liwe na kifuniko cha matundu kilichofungwa kwa skrubu, kilichobinuka kidogo juu, kisicho na ufa. Pampu ikinyonya kupitia tundu moja lisilo na kifuniko, nguvu yake inaweza kumshika mtoto chini asiweze kuinuka, hata mtu mzima akimvuta. Mwaka 2002 nchini Marekani msichana wa miaka 7, Virginia Graeme Baker, alifariki hivyo katika bwawa dogo la maji ya moto, na mwaka 2007 nchi hiyo ikapitisha sheria yenye jina lake kuhusu vifuniko hivi. Kama chako kimevunjika au hakipo, zima pampu na usiruhusu mtu kuogelea mpaka kipatikane. Njia salama zaidi ni kuwa na matundu mawili yaliyoachana kwa mita moja au zaidi kwenye bomba moja, ili mwili ukiziba moja, lingine liendelee kupitisha maji.

Kutoka hapo maji huingia kwenye pampu. Mbele yake kuna kikapu kingine chenye kifuniko cha kuona ndani. Hicho kioshwe angalau mara moja kwa wiki, na wakati wa upepo mkali mara nyingi zaidi. Kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya maelekezo vya pampu haviandiki: Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku hukandamiza maji kwa nguvu ya karibu asilimia 80 tu ya ile ya Mombasa. Pampu hainyonyi maji kwa uwezo wake peke yake. Ni uzito wa hewa unaoyasukuma kuelekea pale pampu ilipopunguza presha. Ndiyo maana pampu iliyowekwa juu ya usawa wa bwawa, ambayo Pwani ingewaka bila shida, huku husumbua kuanza na hupiga kelele kama imemeza kokoto. Ikiwa yako inafanya hivyo, kwanza tafuta sehemu inayovuta hewa: ile raba ya duara ya kifuniko cha kikapu, au kiungo cha bomba. Ukikosa, fikiria kushusha pampu iwe sawa na maji au chini yake.

Sasa suala la saa. Tuseme pampu yako inapitisha mita za ujazo 10 kwa saa. Kupitisha kiasi cha bwawa zima kutachukua saa 7. Lakini maji yaliyochujwa hurudi kuchanganyika na yale ambayo hayajachujwa, kwa hivyo baada ya mzunguko mmoja kamili ni karibu asilimia 63 tu ya maji iliyopita kwenye chujio. Baada ya miwili ni asilimia 86, na baada ya mitatu ni 95. Wewe kwa saa moja unapitisha sehemu ya saba ya bwawa, na dawa unayoitia inabaki pembeni pale ulipoimwaga. Kule upande wa kina, nyuma ya ngazi, maji yamesimama siku nzima, na mwani hauhitaji zaidi ya hapo: maji yaliyotulia, jua na joto kidogo.

Najua bili inauma. Pampu inayokula kilowati 0.8 kwa saa 7 itatumia yuniti 5.6 kwa siku, na sitakuficha kwamba utalipa zaidi ya unavyolipa sasa. Lakini hesabu pia unachotupa. Kuinua lita 70,000 kutoka kisima chenye maji kwenye kina cha, tuseme, mita 150, kwa mitambo ya kawaida, hula yuniti 60 au zaidi kila mnapojaza, na dawa yote iliyokuwamo imekwenda mtaroni. Ukipata uwezo, badilisha pampu ununue ile ya mwendo unaobadilika. Ukiipunguza mwendo kwa nusu, maji hupita nusu, lakini umeme unaoliwa hushuka kwa nadharia hadi sehemu ya nane. Ukiiendesha mara mbili ya saa za mwanzo, maji yaliyopita ni yaleyale kwa kama robo ya umeme. Katika nyumba halisi akiba ni pungufu kidogo ya hiyo, ila bado ni kubwa. Jua la Nakuru ni la kutosha pia kuendesha pampu mchana kwa paneli, na nimeona familia kadhaa zikienda njia hiyo wala hazijutii.

Baada ya pampu, maji yanasukumwa kwenye chujio, lile pipa la mviringo. Ndani yake kuna mchanga, na maji yanashuka kupitia mchanga huo yakiacha uchafu. Mchanga wenyewe ni wa silika, uliochekechwa, wenye chembe za milimita 0.5 hadi 1. Nasisitiza hili kwa sababu nimekuta machujio yaliyojazwa mchanga wa ujenzi. Huo una udongo na chembe za kila ukubwa; maji hutafuta njia katikati yake na kupita bila kuchujwa. Kama hujui mchanga wako uliwekwa lini, fungua utazame. Ukiwa umeshikana mabonge au una mashimo, ubadilishe. Mchanga mzuri hudumu miaka 5 hadi 7.

Mchanga hunasa chembe za ukubwa wa mikroni 20 hadi 40; mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Vumbi laini la Nakuru, lile linaloacha utando juu ya magari Januari na Februari, mara nyingi ni dogo kuliko hapo. Kuna machujio ya aina nyingine yanayotumia unga mweupe wa diatomaiti, yaani mabaki ya viumbe wadogo wa ziwani wa zamani, na hunasa mpaka mikroni 3 hadi 5. Unga huo huchimbwa hapo Kariandusi, karibu na Gilgil, mwendo mfupi kutoka kwako. Kwa bwawa la nyumbani sikushauri ulihamie chujio hilo, kwa sababu linahitaji mkono mzoefu na unga wake ni hatari kuvuta puani. Nimelitaja ili ujue kwamba maji yanayobaki na ukungu mdogo mwezi wa Februari hayana maana kuwa chujio lako limekufa.

Juu ya chujio kuna geji ya presha. Siku chujio likiwa safi, soma namba na uiandike kando ya ile ya ujazo. Presha ikipanda kwa karibu nusu ya "bar", au pauni 8 kama geji yako ni ya pauni, mchanga umejaa na ni wakati wa kuuosha kinyumenyume. Zima pampu kwanza. Usizungushe kamwe mkono wa vali pampu ikiwaka, maana utaharibu raba za ndani. Upeleke mkono kwenye alama ya BACKWASH, washa, na utazame kile kioo kidogo cha pembeni. Maji yatatoka ya kahawia, kisha yatang'aa, kwa kawaida ndani ya dakika 2 au 3. Zima, peleka RINSE, washa kwa nusu dakika hadi moja ili mchanga utulie, zima, urudishe FILTER. Umetumia kama lita 500. Yasielekezwe kwenye mtaro wa barabara wala kwa jirani. Yapelekwe kwenye shimo la kupotelea maji ardhini au nyasi ambazo hazitaumia. Na usioshe chujio kila siku kwa bidii tu: mchanga wenye uchafu kidogo huchuja vizuri zaidi kuliko mchanga mpya, kwa kuwa uchafu ulionaswa hupunguza nafasi kati ya chembe. Acha geji ikuambie.

Kutoka kwenye chujio maji hurudi bwawani kupitia midomo midogo ukutani. Igeuze itazame pembeni na juu kidogo, ili uso wote wa maji uzunguke polepole kuelekea kwenye skima. Mzunguko ukiwa mzuri, jani ukiliangusha popote litafika skima lenyewe.

Hayo ni mabomba. Sasa nije kwenye klorini, ambako nadhani ndiko shida yako kubwa ilipo.

Klorini ikiingia kwenye maji hugawanyika sehemu mbili. Moja ni asidi inayoitwa hipoklorasi, na hiyo ndiyo inayoua vijidudu na mwani. Nyingine ni hipokloraiti, iliyolegea sana. Kinachoamua ngapi iwe upande upi ni pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Kwenye pH ya 7.5 zinagawana karibu nusu kwa nusu. Kwenye 8, sehemu yenye nguvu imebaki kama robo. Kwenye 8.4 ni kama moja ya nane. Kwa hivyo watu wawili wanaweza kutia klorini ya kipimo kilekile, mmoja akawa na maji yanayong'aa na mwingine akawa na supu ya kijani. Lengo ni pH ya 7.2 hadi 7.6, na klorini huru, yaani ile ambayo bado haijashikana na uchafu, ya miligramu 1 hadi 3 kwa lita, wakati wote, usiku na mchana. Neno la kushika ni "wakati wote". Mwani hausubiri Jumamosi.

Maji ya visima virefu vya Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba bikaboneti nyingi ya sodiamu. Yakiwa ardhini yana hewa ya kaboni iliyobanwa ndani yake, na hewa hiyo huishusha pH. Ukiyapima bombani yanaweza kukupa 7.4, ukafurahi. Ukiyaacha kwenye bwawa lililo wazi, hewa ile inatoka taratibu, na pH inapanda yenyewe hadi 8.3 au zaidi bila mtu kutia chochote. Ndiyo sababu nimekataa habari ya kumwaga. Kila mnapojaza upya mnaleta lita 70,000 za bikaboneti mpya. Kwa wiki chache pH inapaa, klorini inalala, mwani unaamka, fundi anamwaga tena. Mkibaki na maji mliyo nayo na kuyarekebisha mara moja, kazi inayobaki kila wiki ni ndogo.

Naomba pia umuulize fundi kama huwa anatia magadi. Maelekezo mengi ya mabwawa yameandikwa kwa nchi zenye maji laini yenye pH ya chini, na huko ni sawa kutia magadi kuipandisha. Hapa kwetu magadi ni kuongeza mzigo juu ya punda aliyeshindwa. Maji yako yanahitaji asidi.

Halafu kuna jua. Klorini isiyo na kinga, juani saa sita mchana, hupoteza nusu ya nguvu zake ndani ya saa moja hivi. Mwinuko wetu unaongeza miale mikali zaidi. Wewe unatia Jumamosi asubuhi, pampu inazima baada ya saa moja, na kufikia jioni karibu yote imekwisha. Siku sita zinazofuata bwawa halina mlinzi. Dawa ya jambo hili ni asidi ya sayanuriki, ambayo madukani huitwa stabilaiza. Hushikana na klorini na kuilinda na jua, kisha huiachia kidogo kidogo. Unahitaji miligramu 30 hadi 50 kwa lita. Kwa bwawa lako, 40 ni kilo 2.8. Haiyeyuki upesi: itie kwenye soksi safi, uining'inize mbele ya mdomo wa maji yanayorudi, uiache siku kadhaa. Hailiwi na jua, wala haipungui isipokuwa maji yakitoka. Kila mlipomwaga, kama fundi alikuwa ameweka, ilikwenda nayo.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi wanaojitahidi. Vile vidonge vikubwa vyeupe vya klorini, vinavyoelea kwenye kikombe cha plastiki, vina stabilaiza ndani yake. Kwa kila miligramu 10 za klorini vinazoleta, vinaongeza karibu 6 za stabilaiza. Mwanzoni ni vizuri. Baada ya miezi mingi inafika 100 na zaidi, na hapo klorini inashikwa kiasi kwamba haifanyi kazi hata kipimo kikisema ipo ya kutosha. Bwawa la namna hiyo ndilo linalostahili kupunguzwa maji, theluthi moja kwa wakati, na hata hapo si yote. Ushauri wangu ni utumie klorini ya chembechembe, ile ya kalsiamu, kwa kazi ya kila siku, na vidonge uviweke kwa safari tu.

Lakini aina hizo mbili zisikutane hata kavu. Chembechembe za kalsiamu na vidonge vyenye stabilaiza vikichanganyika, hata kwa kutumia kijiko kimoja chenye unyevu, vinaweza kuwaka moto au kulipuka. Asidi ikikutana na klorini ya aina yoyote hutoa gesi inayochoma mapafu. Viwekwe vyumba tofauti, penye hewa, mbali na watoto na mbali na jenereta. Na siku zote dawa ndiyo inayotiwa kwenye maji. Usimwage maji juu ya dawa.

Harufu kali inayowasha macho, ile ambayo watu husema "klorini imezidi", mara nyingi huwa na maana kinyume chake. Ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo. Dawa yake ni kuongeza klorini huru mpaka ile iliyoshikana ivunjike, na kuwaogesha watoto kabla hawajaingia.

Kuhusu mrututu, ambao mafundi wengi wa huku hutia kwa sababu wakulima wanaujua kwa kuua ukungu kwenye mimea: ni kweli shaba iliyomo huua mwani. Kwenye maji yenye pH ya juu kama yako, shaba hiyo hushuka na kuacha madoa ya samawati na meusi ukutani ambayo hayatoki kwa kusugua. Sikushauri.

Ndugu zetu wa Kisumu nao huniuliza mambo haya, na majibu yao ni tofauti kidogo. Kwao shida huwa tope na mwani ulioko tayari kwenye maji ya ziwa, kwa wale wanaoyachota moja kwa moja. Shabu, ambayo nyumba nyingi za huko hutumia kwenye mitungi, husaidia: chembe hushikana, hutua chini usiku kucha pampu ikiwa imezimwa, na asubuhi hufyonzwa kutoka sakafuni na kutupwa nje bila kupitia chujio. Joto la Kisumu pia hula klorini haraka na kuukuza mwani haraka. Na kwa walio karibu na ziwa, kumwaga bwawa lote kuna hatari ya kutisha zaidi. Maji ya ardhini huko yako karibu, na wakati wa mvua ndefu au ziwa likipanda kama lilivyopanda mwaka 2020, husukuma sakafu ya bwawa tupu kutoka chini. Bwawa la zege linaweza kupasuka au kuinuka zima kutoka mahali pake. Uzito wa maji ndani ndio unaolishikilia.

Kwenu Kiamunyi hatari ni udongo wa majivu ya volkano, ambao ukiloa hudidimia. Ukiona maji yanapungua kuliko kawaida, jaza ndoo, iweke kwenye ngazi ya bwawa maji ya ndani na ya nje yakiwa sawa, uiache siku nzima pampu ikiwa imezimwa. Kama bwawa limeshuka kuliko ndoo, kuna uvujaji, na uzibwe kabla ya mvua za Aprili. Bwawa linalovuja linaweza kuula udongo chini ya nyumba.

Jambo moja ambalo hukuuliza. Visima vingi vya Nakuru vina floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limeweka kwa maji ya kunywa; meno ya kahawia ya wenyeji wengi ni ushahidi. Mchanga hauitoi, klorini haiitoi, na mvuke huyaacha maji yaliyobaki nayo nyingi zaidi. Kuogelea si tatizo, kwa kuwa haipenyi ngozi kwa kiasi cha kudhuru. Tatizo ni kumeza. Wafundishe watoto kutema, na yule mdogo ambaye bado anakunywa maji akicheka, umwekee karai lake lenye maji mengine.

Sasa, wiki hii fanyeni hivi. Nunua kifaa cha kupimia cha matone kinachopima klorini, pH na alkaliniti, ambayo ndiyo ile bikaboneti niliyokuwa nikisema. Vile vikaratasi vya kuchovya hudanganya vikiloa hewa. Ondoa majani, sugua kuta na sakafu kwa brashi, kisha iache pampu iwake mchana na usiku kwa siku tatu za kwanza. Pima alkaliniti. Tunataka miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Sitashangaa ukikuta 250 au zaidi. Asidi ya haidrokloriki ya asilimia 31, lita 1.4, hushusha alkaliniti ya bwawa lako kwa 10. Itie kwanza kwenye ndoo yenye maji, ukivaa glavu na miwani, kisha uimwage polepole mbele ya mdomo wa maji yanayorudi. Usizidishe lita 2 kwa jioni moja, na upime pH asubuhi kabla ya kuongeza. Ikiwa chini ya 7.2, subiri, itapanda yenyewe, na hapo utatia tena. Kazi ya kufikia 120 inaweza kuchukua wiki mbili au tatu, na hakuna njia ya mkato.

Ukijani wenyewe usiungoje mpaka hapo. Jioni ya kwanza ambayo pH imefika 7.2 hadi 7.4, jua likizama, tia kilo 1.1 ya klorini ya kalsiamu ya asilimia 65, iliyoyeyushwa kwenye ndoo za maji. Itakupa takriban miligramu 10 kwa lita. Rudia kila jioni. Osha chujio kila presha inapopanda, na itapanda sana, kwa sababu mwani uliokufa wote unaishia humo. Maji yatatoka kijani, yawe ya maziwa, kisha yang'ae. Utajua vita vimekwisha ukipima usiku na kupima tena alfajiri, ukakuta klorini imepungua kwa chini ya miligramu 1. Hapo ndipo utie stabilaiza. Mtu asiogelee mpaka klorini ishuke chini ya 3 na uweze kuiona skrubu ya kile kifuniko cha sakafuni ukiwa umesimama ukingoni.

Baada ya hapo, pampu saa 7 kwa siku, ukizigawa ili nyingine ziwe jioni unapotia klorini. Gramu 110 za chembechembe huongeza miligramu 1. Anza na hizo kila jioni, upime, uongeze au upunguze. pH mara mbili kwa wiki, na asidi kidogo kila inapovuka 7.6. Stima ikipotea siku nzima, watoto wakae nje mpaka pampu irudi na upime. Na mwite fundi wa umeme, asiye yule wa bwawa, ahakikishe laini ya pampu na taa ina kikata umeme cha miliampia 30. Kile chenye kitufe cha kujaribu, na ukibonyeze kila mwezi.